Mwanaapolo naye ana mkono wa kulindwa

Mwaka 2015, wachimbaji watano waliofukiwa Nyangalata, wilayani Kahama, waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mwaka huohuo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kazi, lakini huo humlinda mwajiriwa anayechangiwa na mwajiri. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa machimbo kama ya Katoro, anayelipwa kwa mgawo wa mawe, hubaki nje. Ndiyo maana bima ya ajali, inayolipa kwa kifo au kwa kupoteza kiungo, inamhusu yeye zaidi kuliko karani wa ofisini. Wapo watakaosema kipato chake hakitabiriki, leo yuko huku, kesho yuko kwenye rashi nyingine, machimbo mapya. Kweli, ila kila duara, yaani shimo la kuchimbia, lina mwenyewe: yeye aikate ada ya bima kabla mifuko ya mawe haijagawanywa. Na mkataba wa bima usomwe vizuri, maana kifo cha malaria hakimo, na mkono uliopooza huenda usihesabiwe sawa na uliokatika.