Maswali Mia kwa Usiku Mmoja Si Hesabu

Waafrika Mashariki wa Sugar Land na vitongoji vingine vya kusini-magharibi mwa Houston wakikutana, iwe arusini, msibani au kwenye kikao cha michango, mazungumzo yakishafika kwenye shule hayakosi kauli hii: shule za hapa zinawachezea watoto. Mtoto wa darasa la nne anarudi nyumbani na kazi ya kubuni duka la mandazi, au kuchora bustani ya wanyama yenye vizimba vya vipimo alivyopewa, au kupanga safari ya sayari ya Mirihi kwa bajeti isiyozidi kiasi fulani. Mzazi anaikagua karatasi juu na chini, anauliza: hesabu iko wapi hapa? Jioni mtoto anapelekwa tuisheni, kwenye kimoja cha vile vituo vilivyojaa kandokando ya Highway 6, akafanye maswali mia ya kuzidisha huku akihesabiwa dakika. Hapo mzazi anapumua. Sasa mwanangu anasoma.

Imani hiyo ni potofu na inawaumiza watoto wetu. Naandika kwa sababu wanaoishikilia ni watu ninaowaheshimu: wauguzi wanaofanya kazi zamu mbili, madereva wa malori, wahasibu, watu waliovuka bahari ili mtoto apate shule nzuri. Wanalipa tuisheni kwa fedha ya jasho, na wanainunua kwa kuamini kwamba mradi ni mapambo na maswali mia ndiyo hesabu yenyewe. Mambo ni kinyume. Karatasi ya maswali mia imeshamwamulia mtoto kila kitu: tendo gani, namba zipi, kwa mpangilio upi. Kazi iliyobaki ni kuzungusha mkono. Mradi unamwachia kazi ngumu zaidi, ile ya kutambua hesabu ipi inahitajika na jibu lake lina maana gani.

Ushahidi umekuwepo miaka mingi, na umetoka humuhumu Marekani. Katika mtihani wa kitaifa wa kupima elimu ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983, vijana wa miaka 13 waliulizwa swali jepesi: basi la jeshi hubeba askari 36, askari 1,128 wanasafirishwa, yatahitajika mabasi mangapi? Takriban asilimia 70 waligawanya sawasawa. Lakini waliotoa jibu sahihi, mabasi 32, hawakufika hata robo. Asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi 31, baki 12. Wengine waliandika 31 na kuwaacha askari 12 barabarani. Vijana hao walijua kugawanya, tena kwa ufasaha. Kilichowashinda ni kujiuliza baki 12 ni nini. Kwenye mazoezi yao yote, baki ilikuwa namba ya kuandikwa pembeni, na aliyeiandika alipata vema.

Nikitaja hayo huambiwa: mbona sisi tulikaririshwa, tena kwa kiboko, na tumefika hapa? Hoja hii inapendwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Sisi tuliofika Sugar Land ni tuliobaki juu ya chekeche. Waliopita chini hawapo kwenye kikao kutoa ushuhuda wao. Kumbukeni darasa lenu la saba au la nane, mhesabu ni wangapi kati ya mliokaa nao dawati moja waliendelea na hisabati. Tanzania, hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo linaloangusha watahiniwa wengi zaidi kidato cha nne. Wale wote walikariri jedwali lilelile, kwa sauti ileile, mbele ya ubao uleule. Kama kukariri peke yake kungetosha, wangefaulu.

Tuutazame mradi wenyewe, tena tuuanzie mjini kwetu. Mji huu umepewa jina la sukari, na haukupewa bure. Kampuni ya Imperial Sugar ilihesabu asili yake tangu 1843, na kiwanda chake cha kusafisha sukari kilifanya kazi hapa hadi 2003. Jengo refu la matofali lililobaki, watoto huliona wakipita na gari la shule. Mwalimu anayetaka dhamira ya mradi hana haja ya kwenda Mirihi.

Kopo la Coca-Cola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Mtoto akigawanya 39 kwa 4 kwenye karatasi ya tuisheni anapata 9, baki 3, anawekewa vema na kuendelea na swali linalofuata. Kwenye mradi anashika kijiko na mizani. Baki 3 ni sukari iliyo mbele yake, robo tatu ya kijiko, na lazima aamue aiandike vipi: 9 na robo tatu, 9.75, au karibu 10. Kila namna ina mahali pake, na atatakiwa kueleza kwa nini amechagua hiyo. Kisha anaambiwa kwamba Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Kopo moja limepita kwa gramu 14. Je, akinywa nusu kopo na kula kitafunwa chenye gramu 8? Hapo anatafuta nusu ya 39, anakutana na desimali bila kutishwa nayo, anajumlisha, analinganisha. Na atauliza maswali yake mwenyewe. Hakuna karatasi ya maswali mia iliyowahi kumfanya mtoto aongeze swali la 101 kwa hiari yake.

Mwalimu makini hataishia kwenye soda. Mwaka 2018, wilaya ya shule ya Fort Bend ilipokuwa ikijenga chuo cha ufundi hapa Sugar Land, yalifukuliwa mabaki ya watu 95, wafungwa Weusi waliokodishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa katika miongo iliyofuata utumwa. Wataalamu walipima mifupa wakakadiria umri na kimo cha watu ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao kaburini. Kukadiria huko ni hisabati. Mtoto wa Kiafrika anayekulia katika mji huu ana haki ya kujua kwamba vipimo na uwiano ndivyo vilivyowarudishia watu wale sehemu ya utu wao. Sidhani ni mzigo mzito mno kwa mtoto wa darasa la tano, mradi mtu mzima awe kando yake.

Turudi kwenye duka la mandazi, kwa kuwa ndilo linalochekwa zaidi. Tuseme kikundi cha watoto kinapika mandazi 60. Unga, sukari, mafuta na iliki vinagharimu dola 12. Meza ya kuuzia inakodiwa kwa dola 10, wauze wasiuze. Bei ni senti 50. Wakiuza yote wanapata dola 30, faida dola 8. Wanafurahi. Mwalimu anauliza: yakibaki 15? Watauza 45, wapate dola 22 na senti 50, na faida ya mchana mzima itakuwa senti 50. Sasa darasa linachangamka. Mmoja anataka bei ipande hadi senti 75, mwenzake anasema wateja watakimbia, wa tatu anapendekeza wapike 40 tu, wa nne anagundua kwamba dola 10 za meza hazipungui hata wakipika 40. Huyo wa nne, mwenye miaka tisa, ametofautisha gharama zisizobadilika na zinazobadilika.

Na hapa ndipo wazazi wenzangu mnaponishangaza, kwa maana hilo limo ndani ya mtaala wa jimbo. Mtaala wa hisabati wa Texas unamtaka mtoto wa darasa la nne atofautishe gharama zisizobadilika na zinazobadilika, na akokotoe faida. Wa darasa la tano anatakiwa kusawazisha bajeti sahili na kujua kodi ya mapato na kodi ya mauzo, ile ambayo hapa Sugar Land ni asilimia 8.25 kwenye risiti yako. Hata STAAR, mtihani wa jimbo unaoanzia darasa la tatu na unaowanyima usingizi wazazi, tangu 2023 hauruhusiwi kisheria kuwa na zaidi ya asilimia 75 ya maswali ya kuchagua jibu. Mengine yanamtaka mtoto atoe jibu kwa njia nyingine, na mengi yanakuja kwa mafumbo yenye hatua zaidi ya moja. Mzazi anayemwondoa mtoto kwenye duka la mandazi ili akajiandae na STAAR anamwondoa kwenye maandalizi ya STAAR.

Wapo wanaonijibu kwa mfano wa nyumbani. Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi mwaka 2019, wazazi walijikuta wakizunguka usiku kutafuta katoni, gundi na picha za kuchapisha, na asubuhi mtoto akipeleka shuleni kazi ya mama yake. Malalamiko yale yalikuwa ya haki. Na Tanzania tulitangulia: Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka wanafunzi wapange, waamue na wajifunze kutokana na kazi yao. Katika shule nyingi kilichofanyika ni jembe tu. Watoto walilima, mavuno yakauzwa, daftari la mauzo likabaki ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyewaambia wapime eneo la shamba, wakadirie magunia, walinganishe mwaka huu na mwaka jana. Shamba lilikuwepo, hisabati yake ikaachwa ardhini.

Kwa hiyo sitetei kila kitu kinachoitwa mradi. Bango lenye pambo la kumetameta na namba tatu pembeni ni kazi ya sanaa, lihukumiwe hivyo. Mwalimu anayewaacha watoto wapike kisha asiwarudishe kwenye daftari kuandika walichokokotoa hajafundisha. Wachumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walichapisha mwaka 2025 utafiti uliofanywa India, miongoni mwa watoto wanaouza masokoni Kolkata na Delhi. Watoto wale walikokotoa mauzo magumu kichwani, lakini wakashindwa maswali mepesi ya kitabuni. Watoto wa shule wasiofanya kazi sokoni walifanya vizuri zaidi kitabuni, wakakwama kwenye hesabu za soko. Ujuzi haukuvuka wenyewe kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kuuvusha ndiko kunakoitwa kufundisha. Mradi mzuri hufanya hivyo: unaanza sokoni, unaishia kwenye daftari, na unarudi tena sokoni.

Na jedwali la kuzidisha likaririwe. Nalisema wazi ili pasiwe na wa kunisingizia. Mtoto anayesita kwenye saba mara nane atachoka kabla mandazi hayajaiva, na mradi utamfedhehesha mbele ya wenzake. Dakika kumi kila siku, kwa mdomo, ndani ya gari kuelekea shule, zinatosha. Ninachokataa ni kuzifanya dakika kumi hizo ziwe saa mbili kila jioni, halafu kumwambia mtoto kwamba hapo ndipo hisabati inapoanza na kuishia. Mtoto wa miaka minane akishaamini kwamba hesabu ni kasi, siku atakayokutana na swali linalohitaji kukaa na kufikiri kwa nusu saa atajiona mjinga. Atasema hisabati si yake, na ataliamini hilo hadi chuo kikuu.

Basi karatasi ya mradi ikifika tena nyumbani, usiipeleke kwa jirani mwenye shahada ya uhandisi akaifanye. Usinunue vifaa ambavyo mtoto hajakuorodheshea na kukupigia hesabu ya bei. Mkabidhi mizani ya jikoni, rula, na risiti za dukani za wiki nzima. Akikosea kipimo cha unga, mwache apike hivyohivyo, aone kilichotokea, aandike. Na siku ya kuonana na mwalimu, acha kuuliza mwanangu amekuwa wa ngapi. Uliza katika mradi huu ni uamuzi upi mtoto aliufanya mwenyewe, na aliutetea kwa hesabu gani. Mwalimu akikosa jibu la swali hilo, hapo ndipo una sababu ya kulalamika.