Damu Isiyokaa Ghalani

Ni desturi njema nchini kwetu kwamba zifikapo siku kuu za Taifa, wanachama na wafanyakazi huenda kwa makundi kutoa damu. Twawashukuru. Lakini yatupasa kusema wazi kwamba kwa sehemu moja ya damu hiyo, desturi hii haitoshi hata kidogo.

Sehemu hiyo ni chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba jeraha ili damu isimwagike. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kuzihitaji, na vile vile mgonjwa wa saratani aliyedhoofishwa na dawa. Chembe nyekundu hukaa katika jokofu wiki tano au sita na bado zikafaa. Chembe sahani hazitaki baridi. Mwaka 1969 madaktari Scott Murphy na Frank Gardner wa Marekani walionyesha kwamba zikipozwa hadi nyuzi 4, mwili wa mgonjwa huziondoa upesi. Nyuzi 22 zazifaa zaidi. Hivyo huwekwa kati ya nyuzi 20 na 24, zikitikiswa polepole usiku na mchana, na kwa kawaida hazipiti siku 5, kwani uvuguvugu huo huwafaa vijidudu pia.

Vitabu vya Ulaya huliita hilo joto la chumbani. Chumba hicho hakiko Mji Mkongwe! Wakati wa kaskazi nyumba ya Malindi hupita nyuzi 30. Hapa hapana budi pawe na mashine, na umeme usiokatika. Nani amesahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu? Waya mpya uliwekwa mwaka 2013, lakini benki ya damu yahitaji jenereta yenye mafuta ndani yake, si barua ya kuyaomba.

Watu mia wakitoa damu tarehe 12 Januari, chembe sahani zao hazitamfaa mgonjwa wa tarehe 20. Na dozi moja ya mtu mzima yaweza kutaka damu ya watu wanne hadi sita. Tena damu ya shamba iliyokwisha kutiwa katika sanduku la barafu haizitoi tena. Sharti itenganishwe kabla ya kupozwa, katika masaa machache.

Kwa hiyo mzigo huu ni wa watu wa mjini: wapagazi wa bandarini, makarani, walimu, wachuuzi wa Darajani. Kila tawi lichukue wiki yake, mwanamume akirudi baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Wakuu wa kazi watoe ruhusa bila kukata mshahara. Wanaonong'ona habari za mumiani wakaribishwe wajionee kazi inavyofanywa. Na mwezi wa Ramadhani, watoaji wanapopungua, milango ifunguliwe baada ya futari. Makatibu wa matawi waanze kuandika majina wiki hii.