Kibarua Asiye na Barua

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kwamba neno kibarua limetokana na barua. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuhesabia siku zake, ili alipwe. Leo, hapa Ediofe, karatasi inatumika kumnyima haki.

Binamu yangu alibeba matofali kwa bosi mmoja miezi saba. Alipangiwa saa ya kufika, saa ya kula na kazi ya kufanya. Koleo na toroli vilikuwa vya bosi. Alipovunjika mguu, alionyeshwa karatasi aliyotia sahihi bila kusomewa: yeye ni "mkandarasi huru", basi ajitibu mwenyewe.

Uhuru gani huo? Mkandarasi hutaja bei yake, huja na vifaa vyake, na akitaka humtuma mwingine. Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zinasema kibarua akifanya kazi mfululizo miezi 4 si kibarua tena; anastahili mkataba wa maandishi. Hata Uingereza, mwaka 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa mkataba uliwaita watu huru.

Wapo wanaosema waajiri wadogo watafilisika. Kama hawana fedha, na waseme hivyo. Wasimbadilishe mtu jina. Anayekupangia saa na kukukata ujira ukichelewa ni mwajiri wako, aandike asiandike.