Mkutubi Ashirikishwe Kabla Zoezi Halijatolewa

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vyetu huzungushwa maktabani kwa muda mfupi. Huonyeshwa rafu, kaunta ya kuazimia vitabu na kompyuta za kutafutia, kisha wakaruhusiwa kwenda zao. Insha ya kwanza inapotolewa wiki kadhaa baadaye, mafunzo yale yamekwisha kusahaulika, kwa kuwa yalitolewa kabla mwanafunzi hajawa na swali la kutafutia jibu.

Toleo hili linatetea hoja moja: mkutubi ni mwalimu, na ualimu wake huzaa matunda pale tu anapopanga zoezi pamoja na mhadhiri.

Hoja hii ina historia. Kati ya 1960 na 1962, Patricia Knapp aliongoza jaribio katika Chuo cha Monteith, Detroit, la kuyaingiza mazoezi ya maktaba ndani ya kozi zenyewe. Jaribio lilionyesha kwamba bila wahadhiri kuliamini na kulibeba, zoezi la maktaba hugeuka mzigo usio na maana kwa mwanafunzi. Huko Indiana, Evan Farber, aliyeongoza maktaba ya Chuo cha Earlham kuanzia 1962 hadi 1994, aliijenga kazi yake juu ya ushirikiano wa mkutubi na mhadhiri: mkutubi huingia darasani wanafunzi wakiwa na kazi mkononi, akawafundisha kutafuta kile hasa wanachokihitaji.

Kwetu Afrika Mashariki msingi upo. Makerere ilianza kuwasomesha wakutubi wa kanda hii mwaka 1963. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mwaka 2018 maktaba mpya inayoweza kuhudumia watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Lakini ukumbi kujaa wasomaji si ushahidi kwamba wanajua kupima wanachokisoma.

Leo haja ya kuwafundisha kupima vyanzo ni kubwa zaidi. Programu za akili mnemba zinaweza kumpa mwanafunzi orodha ya marejeleo yenye majina, miaka na kurasa, ilhali baadhi ya makala hizo hazijawahi kuandikwa. Mhadhiri anaijua mijadala ya taaluma yake. Mkutubi anajua maarifa yanavyochapishwa, yanavyopangwa katika hifadhidata na yanavyohakikiwa. Mwanafunzi anawahitaji wote wawili kwa pamoja.

Wapo wahadhiri wanaohofia kwamba muda wa mtaala hautoshi. Tunawajibu kwamba muda unaotumika kusahihisha insha zilizonakiliwa mtandaoni ni mwingi zaidi.

Tunaziomba idara zimwalike mkutubi katika vikao vya kupanga kozi, na zitoe alama kwa namna mwanafunzi alivyotafuta na kuchuja vyanzo vyake. Na tunavitaka vyuo vihesabu saa za mkutubi darasani kuwa kazi ya kufundisha, zipewe uzito wake anapofikiriwa kupandishwa cheo.