Afisa Ustawi Anapobisha Hodi: Anaangalia Nini, na Anajibiwa Nini?



Wapendwa wasomaji, mafrateri wanaporudi kutoka mazoezi ya kichungaji huwa wana mengi ya kusimulia, na mengi ni ya kuchekesha. Yapo pia yanayosimuliwa kwa sauti ya chini. Moja hujirudia mwaka hadi mwaka na kubadilisha parokia tu: kuna mtoto ambaye jumuiya nzima ilijua kwamba nyumbani kwao hakuko salama; wazee wa jumuiya wakakaa kikao na wazazi, wakasali pamoja, wakapeana mikono, yakaisha. Baadaye mwalimu akatoa taarifa, afisa ustawi wa jamii akaja, na kila jirani aliyeulizwa akajibu kwamba ile ni familia nzuri, haikosi jumuiya.

Tunataka kuzungumza juu ya afisa huyo na majirani hao. Waamini wengi hawajui anachokitafuta anapoingia katika nyumba ya watu, na kwa kutojua huko humharibia kazi, mara nyingi kwa nia njema kabisa.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba mtu wa ustawi amekuja kunyang'anya watoto. Ndiyo maana akionekana njiani na faili lake, milango hufungwa. Kwa kweli, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kumtenga mtoto na wazazi wake ni hatua nzito ambayo kwa kawaida huhitaji amri ya mahakama, na sheria hiyo hiyo inataka kila uamuzi utangulize maslahi ya mtoto. Afisa haji akiwa na hukumu mkononi. Anakuja na maswali, na ukiyachuja yote yanabaki matatu. Kuna nini hapa kinachoweza kumdhuru mtoto leo, usiku huu? Mtoto mwenyewe yuko katika hali gani: ana umri gani, anaweza kusema, anaweza kukimbilia kwa jirani, ana ulemavu? Na nani katika nyumba hii anaweza kumlinda, na yuko tayari kufanya hivyo?

Hilo la tatu ndilo tunalotaka likae vichwani mwa mafrateri, kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Tumezoea kuuliza kama mama anampenda mwanawe. Karibu kila mama atajibu ndiyo, na atakuwa anasema kweli. Lakini kama mume akirudi amelewa humpiga mama kwanza na mtoto baadaye, upendo upo na ulinzi haupo. Upande mwingine kuna bibi asiye na kitu, anayelea wajukuu wanne kwa kuuza mchicha, lakini jioni anajua kila mmoja yuko wapi, nani alimtuma, na mlango umefungwa na nani. Afisa aliyefundishwa vizuri atamwandikia bibi huyo alama ya ulinzi ambayo nyumba nyingi zenye bati la rangi hazina.

Hapa tuseme wazi kitu ambacho huenda kikawaudhi baadhi ya wasomaji. Umaskini si ukatili. Watoto watatu kulala godoro moja, mlo mmoja kwa siku, sare iliyochanika: haya afisa anayaandika kama mahitaji, na mahitaji yana njia zake, kuanzia kapu la Caritas ya parokia hadi Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF. Lakini mara ngapi mtu mwema parokiani huona nyumba ya namna hiyo na wazo lake la kwanza likawa kumpeleka mtoto kwenye kituo cha masista? Tunawaheshimu sana masista wanaoendesha vituo hivyo, na wengi wao watakuwa wa kwanza kukuambia kwamba wamejaziwa watoto ambao bibi zao walihitaji uji tu. Mtoto anayekosa uji apelekewe uji. Ukimtoa kwa bibi yake umempa chakula na umemnyang'anya mtu.

Nyumba zenye heshima ndizo ngumu zaidi kutathmini. Afisa anafika, anapewa kiti sebuleni na soda baridi. Baba ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Mtoto anaitwa, anakuja, anapiga magoti, "Shikamoo." "Marahaba, hujambo, unaendeleaje?" "Vizuri." Anaruhusiwa kwenda kucheza, na afisa anaandika kwamba mtoto ameonwa na yuko salama. Ameonwa, ndiyo. Tathmini haijafanyika.

Tathmini huanza pale mtoto anapozungumza bila mzazi kusikia, na ni ufundi kuliko wengi tunavyodhani. Watoto wetu tumewalea kujibu kile mtu mzima anachotaka kusikia. Hiyo ndiyo adabu tunayoisifu. Ukimuuliza, "Baba anakupiga, eti?" atasoma uso wako kwanza, kisha akupe jibu linalolingana nao. Kwa hiyo afisa mzuri huanzia mbali, shuleni na kwenye michezo, kisha husema, "Nisimulie jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Baada ya hapo hunyamaza. Hamwahidi mtoto kwamba itakuwa siri, maana huenda isiwe, na mtoto aliyedanganywa mara moja hatasema tena. Wala hamhoji upya kila wiki, kwa kuwa kila kuhojiwa ni kurudishwa pale pale.

Ataomba pia kuona mahali mtoto anapolala, na kuuliza nani mwingine analala chumba hicho, pamoja na mjomba aliyekuja kutafuta kazi mjini. Ataangalia kadi ya kliniki ya mdogo na mahudhurio ya shule ya mkubwa. Akiona alama mwilini atauliza ilivyotokea, kisha apime kama maelezo yanaendana na alama yenyewe. Mtoto anayekimbia huchubuka magoti, viwiko na muundi wa mguu. Alama za mgongoni, mapajani au masikioni zinahitaji maelezo mengine. Mchanga ambaye hajaanza hata kutambaa hapaswi kuwa na vilio vya damu mwilini, na akiwa navyo ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Uji wa moto ukimwagika huacha madoa yasiyo na mpangilio. Mguu uliotumbukizwa kwenye maji ya moto mara nyingi huacha mstari kama wa soksi. Kuthibitisha ni kazi ya daktari. Kugundua kwamba hadithi haikai sawa ni kazi ya aliyeingia nyumbani.

Wapo watakaosema tunakuza mambo, na methali watatutajia: mchelea mwana kulia hulia yeye. Sheria ya Mtoto haikumkataza mzazi kumrudi mwanawe. Inakataza adhabu inayopita kiasi ukilinganisha na umri wa mtoto, mwili wake na akili yake. Na kuhusu kukuza mambo, utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 juu ya utoto wao. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana hao walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili. Piga hesabu hiyo kwenye mabenchi ya Utoto Mtakatifu Jumapili ijayo.

Kuna kesi ya mbali ambayo kila anayejiandaa kwa uchungaji angepaswa kuijua. Victoria Climbié alizaliwa Pwani ya Pembe, na wazazi wake walimkabidhi kwa mwanamke wa ukoo wao aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Ahadi kama hiyo tunaijua vizuri. Wapo watoto wanaolelewa kwa ndugu huku kwetu walioondoka kwao kwa ahadi ya shule. Victoria alifariki London Februari 2000 akiwa na miaka 8, baada ya miezi ya mateso kutoka kwa mwanamke huyo na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Wawili hao walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Laming, iliyotolewa mwaka 2003, ilionyesha kwamba polisi, hospitali na idara za ustawi walikuwa na nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa.

Mfanyakazi wa ustawi alimtembelea nyumbani mara mbili. Aliona nyumba nadhifu. Hakujua kwamba baadaye mtoto yule angekuwa akilazwa bafuni. Victoria hakuandikishwa shule yoyote Uingereza, alizungumza Kifaransa, na aliyekuwa akieleza habari zake kwa wakubwa ni yule yule aliyekuwa akimtesa. Alipelekwa pia kanisani, na huko tatizo lake likaelezwa kuwa ni pepo. Waliomwombea hawakuwa watu wabaya. Walimwona mtoto aliyejikojolea na mwenye majeraha, wakakubali maelezo ya mtu mzima aliyemshika mkono. Frateri atakayeletewa mtoto "mwenye pepo" amkumbuke Victoria kabla hajanyoosha mkono kubariki.

Turudi kwenye jumuiya. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mitaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Hakisemi achunguze kwanza, wala aitishe kikao. Kikao cha upatanisho tunakithamini, na kwa ugomvi wa mume na mke au wa mipaka ya shamba kimesaidia wengi. Kwa mtoto aliyeumizwa hakifai. Upatanisho huhitaji pande mbili zinazoweza kusema hapana, na mtoto wa miaka 7 mbele ya baba yake, katekista na mwenyekiti wa jumuiya hawezi kusema hapana. Zaidi ya hayo, kikao humpa mkosaji muda wa kupanga maneno, humfundisha mtoto kwamba kusema kunaleta kipigo kingine, na alama mwilini hupona kabla daktari hajaziona.

Wengine hujikinga kwa neno siri. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote, na hapo hatuna mjadala. Lakini frateri haungamishi. Alichosikia kwenye ziara ya wagonjwa, mazoezi ya kwaya au uwanja wa mpira hakikusikika kitubioni, na hata padri anayeambiwa jambo ofisini juu ya kikombe cha chai hawezi kulifunika kwa stola ambayo hakuivaa.

Taarifa nzuri ni fupi na haina hukumu. "Jumanne saa moja usiku nilisikia mtoto akilia, asubuhi nikamwona na jicho limevimba, hakuja mafundisho wiki mbili." Hiyo inatosha. "Yule baba ni mnyama" haimsaidii afisa. Tunajua zipo taarifa za chuki, za jirani aliyenyimwa njia au wake wenza wanaowindana, na ndiyo maana kuna tathmini: taarifa hufungua mlango wa kuuliza, na aliyeshtakiwa naye husikilizwa.

Maafisa hawa ni wachache, na kata nyingi hazina wa kwao. Anaweza kufika mara moja na asirudi upesi. Kwa hiyo usiku unaofuata baada ya ziara yake ndio wa hatari zaidi, mkosaji akiwa na hasira na mtoto akiwa peke yake. Mpango mzuri wa usalama hutaja majina: nani atalala na mtoto, nani atapita kesho asubuhi, akiogopa akimbilie mlango gani. Hapo jumuiya ina kazi ya kweli, kwa sababu nyumba ziko jirani na hatua ni chache. Na inapobidi mtu aondoke, tunaona ni vibaya kwamba mara nyingi anayefungashwa ni mtoto, anayepoteza shule na rafiki zake, huku aliyemdhuru akibaki mezani. Inapowezekana, aondoke mkubwa.

Tungependa walezi wa seminari wamwalike afisa ustawi wa halmashauri azungumze na mafrateri kabla hawajatawanyika kwenda parokiani, nusu siku tu, aeleze anavyofanya kazi na aulizwe maswali. Maparoko nao wahakikishe kila katekista ana namba ya afisa huyo, ya mtendaji wa kata, na ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na kwenye ubao wa matangazo wa kila kigango, chini ya ratiba ya misa na majina ya wanaotangaza ndoa, iandikwe kwa herufi kubwa namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116, na kwamba kupiga ni bure.