Moyo Ukidhoofika, Kumbukumbu Hupotea

Mswahili alijuaye shairi bila kutazama daftari husemwa amelihifadhi kwa moyo. Mjaluo wa Homa Bay au Migori aliyesahau jambo husema "wiya owil", na wi ni kichwa. Lugha moja imeiweka kumbukumbu moyoni, nyingine imeuweka usahaulifu kichwani. Sayansi ya tiba yathibitisha kuwa hakuna iliyokosea.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Moyo ndio unaousukumia damu yenye oksijeni hiyo. Shinikizo la damu lisipotibiwa kwa miaka mingi, ukuta wa chumba cha chini cha kushoto cha moyo hunenepa na kukakamaa. Chumba cha juu nacho hutanuka, mapigo yakaweza kuvurugika na damu ikaganda humo. Donge likifika ubongoni huleta kiharusi. Aidha, shinikizo hilo hilo huharibu mishipa myembamba ya ubongo kimyakimya, akili ikafifia bila kiharusi kuonekana. Si kila usahaulifu hutokana na moyo. Hata hivyo, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na shinikizo la damu la umri wa makamo limo katika visababishi 14 vilivyotajwa.

Licha ya hayo, mzee anayepotea njia ya kwake aghalabu husemwa amezeeka, amerogwa, au ndiye mchawi. Kauli hii ya mwisho huua. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii inayopakana na Migori na Homa Bay, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Haidaiwi hapa kwamba walikuwa wagonjwa. Linalodaiwa ni kwamba ugonjwa usipokuwa na jina, uvumi huupa jina.

Kinga inawezekana vijijini. Kati ya 2013 na 2017, utafiti wa SEARCH katika jumuiya 32 za mashambani za Kenya na Uganda, zikiwemo za Homa Bay na Migori, uliunganisha huduma za VVU, kisukari na shinikizo la damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa shinikizo lilidhibitiwa vyema zaidi palipotolewa huduma hiyo.

Huenda wapo watakaouliza haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yanamhusu sana. Wananchi wanalijua neno "presha", lakini wengi hulihusisha na moyo na hasira tu, si kumbukumbu. Kuziba pengo hilo ni kazi ya waandishi wa kamusi, wa michezo ya redio na wa vijitabu vya wahudumu wa afya ya jamii. Tena mkusanyaji wa fasihi simulizi anayekwenda Mbita au Rusinga kuwasikiliza wazee wa Kisuba, lugha yenye wasemaji wachache, anategemea kumbukumbu hizo hizo. Mzee akisahau, ngano hupotea naye angali hai.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huanzia moyoni, na ukuta wa akili ukishaanguka, hakuna fundi wa kuujenga upya.