Mwacheni mtoto aitwe jina la babu (sehemu ya 6)

Mama zangu wa Nachingwea na Ruangwa, juzi wodini mzazi mmoja alitaka mwanawe aitwe jina la babu wa babu yake, pagazi aliyechukuliwa vita ya Wajerumani na Waingereza, hakurudi. Ndugu wakaguna: jina la mtu asiye na kaburi ni mkosi.

Mimi nakataa. Hapo Mahiwa, Oktoba 1917, siku nne tu waliuawa na kujeruhiwa watu maelfu. Na wapagazi wengi wa vita ile hawakuuawa na risasi, ni njaa na kuhara (kuhara hukuhuku tunakopambana nako kliniki), wakaachwa njiani bila hata kuandikwa majina. Sasa mkosi uko wapi? Mama kasema, kadi nimeshaijaza.